Tochi ndogo na betri za lithiamu za kutupa: nitajuaje ipi inaingia wapi?

Mgumu_wa_Marangu

Wakuu, habari za jioni. Nilianza kama mpagazi, sasa ni msaidizi wa kiongozi wa wageni njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro. Usiku wa kwenda kileleni tunatoka kambi ya Kibo karibu saa sita usiku, na kunapambazuka tukiwa Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, au tumeshaipita. Kwa hiyo nahitaji taa itakayowaka muda wa saa sita au saba kwenye baridi, tena si kwa ajili yangu peke yangu. Mgeni akianza kuyumba pale kwenye kokoto, taa yangu ndiyo inayomwonyesha pa kukanyaga.

Wageni wameniachia tochi kadhaa na nataka kuzielewa kabla msimu haujaanza.

Ya kwanza ni fupi, inaenea ngumini, mkiani imeandikwa CR123A 3V. Betri yake ilipoisha, duka moja mjini likanipa ya kuchaji ya umbo lile lile, imeandikwa 16340 3.7V. Iliwaka kwa ukali ambao sijawahi kuuona, ila mwanga mdogo ulipotea. Nikibonyeza, ngazi zote tatu zinatoa mwanga ule ule mkali. Baada ya muda mfupi kichwa kikawa hakishikiki kwa joto, nikaitoa.

Ya pili ni ndefu, ya betri ya kuchaji ya 18650, na shingoni imeandikwa 3.0–4.2V. Betri yake imechoka. Nimejaribisha CR123A mbili, zinaingia na kifuniko kinafunga. Sijaiwasha.

Ya tatu inakula AA moja tu. Na AA za kawaida za alkalini inanitupa kila nikifika juu, mwanga unasinyaa. Mgeni mmoja alinipa AA za lithiamu, zile nyepesi. Mwenzangu kazipima kwa mita akakuta volti 1.8, akaniambia nikizitia zitaunguza tochi.

Ya nne ni taa ya kichwani ya AAA tatu, ya bei ndogo. Vijana wetu wengi wanavaa hizo.

Na nina mfuko wa CR123A walizoniachia wageni, mpya na zilizotumika zimechanganyika. Naomba mwenye ujuzi anieleweshe. Sitaki kubahatisha.

Dogo_Ilala

Mkuu usijitese. Betri ikiingia na tochi ikawaka, basi imekubali. Hizo za kuchaji zinaokoa hela, endelea nazo. Hiyo ndefu tia CR123A mbili uone shughuli yake.

Fundi_Koili

Mgumu, kabla ya yote: hiyo tochi ndefu usiiwashe na CR123A mbili. Dogo, sikusemi vibaya, lakini ushauri huo utamwachia mwenzetu tochi iliyokufa, na atajikuta kizani juu ya mita 5,000.

Nipo Arusha, natengeneza redio na tochi, na tochi zinazoshuka mlimani zinajaza meza yangu kila msimu. Nyingi katika zilizoungua ziliungua kwa betri iliyoingia vizuri kabisa. Ukubwa wa betri haukuambii kitu. Kinachoamua ni bodi iliyo kati ya betri na LED (kidude kinachotoa mwanga), ile wengine wanaiita draiva.

Anza na LED yenyewe. LED nyeupe inahitaji kama volti 2.7 ili ianze kutoa mwanga wa maana, na inafika 3.0 hadi 3.3 ikiwa kwenye mwanga wake mkubwa. Ukiizidishia hata sehemu ndogo ya volti, mkondo unapanda kwa kasi na joto linaufuata. Sasa tazama betri zako. AA ni volti 1.5, haifiki. CR123A ni 3, inakaribia, lakini ukiibebesha mzigo inashuka hadi 2.7 au chini yake. Ya kuchaji iliyojaa ni 4.2, imezidi. CR123A mbili mpya zinapita 6, zimezidi mno. Hakuna hata moja inayolingana na LED moja kwa moja, ndiyo maana bodi ipo, na kila bodi inajua kufanya kazi yake tu.

Tochi yako fupi ina bodi ya kupandisha. Nina uhakika, kwa sababu umeeleza dalili yake kamili. Bodi ya kupandisha ina koili (waya uliozungushwa), swichi ndogo ya kielektroniki na dayodi (inapitisha mkondo upande mmoja tu): koili inajazwa mkondo na kukatwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ikikatwa inasukuma volti zilizo juu kuliko za betri. Inapandisha tu, kushusha haijui. Ukiipa 4.2 wakati LED inataka 3, hakuna cha kupandisha, na mkondo unapita wenyewe kwenye koili na dayodi hadi kwenye LED bila mlinzi. Ndiyo maana ngazi zako zilipotea: bodi ilikuwa inatoa amri ambazo hazina nguvu tena. Hapo LED ilikuwa inakula labda ampea mbili au zaidi badala ya nusu ampea. Ulifanya vizuri kuitoa mapema. Irudishie CR123A halisi, na kama ngazi tatu zitarudi basi haikudhurika.

Sasa hesabu yake ikiwa na betri sahihi. Tuseme mwanga mkubwa unaipa LED ampea 0.7 kwa volti 3.0, hizo ni wati 2.1. Bodi nzuri inapoteza kama asilimia 15 njiani, kwa hiyo betri inatoa karibu wati 2.5. Kwa volti 2.7 hiyo ni ampea 0.9. CR123A nzuri inaruhusiwa kutoa hadi ampea 1.5 mfululizo, kwa hiyo iko salama, lakini ina kama miliampea-saa 1,500 tu. Usitegemee zaidi ya saa moja na robo hivi kwenye mwanga mkubwa.

Tochi ndefu yenye 3.0–4.2V ni habari nyingine. Maandishi hayo ndiyo mipaka ya bodi, yaheshimu kama yalivyo. Aina hiyo mara nyingi ni bodi ya mstari: haina koili, ina chipu ndogo zilizoandikwa 7135, kila moja inapitisha miliampea 350, na volti zinazozidi inazigeuza joto. Chukua nne, ampea 1.4. Na 18650 yenye volti 3.9, zinazozidi ni 0.8, joto ni wati 1 na kidogo. Tochi inalibeba hilo. Na CR123A mbili zenye volti 6, zinazozidi ni kama 2.9, joto linafika wati 4 kwenye chipu ambazo ukizichanganya hazifuniki ukucha. Tena chipu hizo kikomo chake ni volti 6, na kile kidude kinachosimamia ngazi, mara nyingi ATtiny13A, kimepangiwa kazi hadi 5.5. CR123A mbili mpya kabla hazijaanza kazi zinasoma 6.4. Ukibonyeza tu, unaweza kuwa umemaliza.

Usidanganywe na kuingia kwake. CR123A ina kipenyo cha milimita 17 na urefu wa 34.5, mbili ni 69. 18650 ni 18 kwa 65. Springi inameza tofauti, basi. Zipo tochi zilizotengenezwa kwa betri zote mbili, lakini hizo zina bodi ya kushusha yenye koili, na utakuta zimeandikwa 3–9V au karibu na hapo. Yako haikuandikwa hivyo.

Na usifikirie kutia CR123A moja na kipande cha bomba kujaza nafasi. Bodi nyingi za 18650 zina ulinzi wa betri ya kuchaji, zikiona volti zimeshuka karibu 2.8 zinaanza kumeta na kuzima. CR123A mpya ikibanwa na ampea 1.4 inafika hapo mapema, na tochi itadhani betri imekwisha wakati ina akiba tele.

AA ya lithiamu: mwenzako amepima sawa, ila hofu yake haina msingi. Hizo AA za lithiamu, namba yake L91, zinasoma 1.8 zikiwa hazina mzigo, ukiwasha zinashuka haraka kwenye 1.5 au 1.6. Na hata zingebaki 1.8, bodi ya AA moja lazima ni ya kupandisha, na 1.8 bado iko mbali chini ya 2.7 ya LED. Bodi inaendelea kutawala. Tia bila wasiwasi. Kinachoua tochi za AA moja ni 14500, ile ya kuchaji yenye umbo la AA na volti 4.2, ndugu wa ile uliyouziwa.

Kusinyaa kwa alkalini kule juu kuna sababu. Ndani yake kuna maji, na kwenye baridi kali mwendo wa kemikali unazorota, ukinzani wa ndani unapanda. Bodi ya kupandisha inataka wati zile zile, kwa hiyo volti zikishuka inavuta mkondo mkubwa zaidi, volti zinashuka tena. Mwishowe bodi inakata tamaa. Betri ya lithiamu haina maji, inatumia kiyeyushi kisichoganda huko, na zote mbili, L91 na CR123A, zimepangiwa kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Mwanga unaweza kupungua kidogo kwa baridi, lakini hautakutupa. Pia L91 ina gramu 15, alkalini ya AA 23. Kwa watu wanaohesabu kila kilo kwenye mzigo nadhani unaelewa.

Ile ya kichwani nisaidie jambo moja: ifungue, uniambie ndani kuna nini.

Mgumu_wa_Marangu

Fundi, Mungu akubariki. Tochi fupi nimeirudishia CR123A, ngazi tatu zimerudi zote. Nimefurahi sana.

Taa ya kichwani nimeifungua. Kuna LED, swichi, na kijiti kimoja chenye mistari ya rangi. Sioni chipu wala koili.

Swali jingine. Wenzangu wana tochi zisizo na maandishi yoyote. Tutajuaje ndani kuna bodi gani bila kuunguza?

Fundi_Koili

Kijiti hicho ni rezista, kinabana mkondo tu, na hiyo taa haina bodi. Betri tatu, rezista, LED. Hapa ndipo AAA za lithiamu zinapogeuka hatari. Alkalini tatu zikiwa kazini zinatoa kama 3.9 jumla. Ukitoa 3.1 ya LED, inabaki 0.8, kwa rezista ya omu 3.3 mkondo ni karibu miliampea 240. Lithiamu tatu zinashikilia 4.8 chini ya mzigo huo huo, inabaki 1.7, mkondo unaruka kupita 500. Umezidisha mara mbili, na LED ya taa ya bei ndogo haina chuma cha kupeleka joto lake. Wapo watengenezaji wa taa za AAA tatu walioandika wazi kwenye maelekezo kwamba lithiamu zisitumike, na sababu ni hii. Waambie vijana wabaki na alkalini humo, na usiku wa kileleni betri za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili.

Inauma kusema hivyo, maana wao ndio wanaohitaji mwanga kuliko wote na ndio waliopewa taa duni. Ukiwa na AA za lithiamu za ziada, mpe mmoja wao tochi yenye bodi halisi.

Kutambua bodi isiyo na maandishi: kama kichwa kinafunguka, tazama. Koili nene yenye maandishi kama 2R2 au 4R7 maana yake bodi inapandisha au inashusha. Safu ya vipande vyenye miguu mitatu, vimeandikwa 7135, ni ya mstari. Rezista peke yake umeshaiona.

Kama hakifunguki, tumia mita kwenye upande wa ampea 10. Ondoa kifuniko cha nyuma, weka ncha moja ya mita kwenye mkia wa betri na nyingine kwenye ukingo wa bomba; tochi itawaka kupitia mita na utasoma mkondo. Anza na volti ndogo. Alkalini mbili ni 3, betri tatu za kuchaji za nikeli zinakupa karibu 3.8, zifunge kwa tepu na nyaya nje ya tochi. Kisha ona mkondo unafanyaje volti zinapopanda. Ukishuka kadiri volti zinavyopanda, bodi inalinda wati, kwa hiyo ni ya koili. Ukibaki pale pale, ni ya mstari. Ukipanda pamoja na volti bila kusimama, hakuna anayelinda kitu: ama ni rezista, ama ni bodi ya kupandisha ambayo umeshavuka mpaka wake. Hapo rudi nyuma mara moja. Tumia nyaya fupi na nene, waya mwembamba unakula volti na kukudanganya.

Na soma herufi za betri kabla hujasoma volti. CR mbele ya namba ni lithiamu ya kutupa ya volti 3. FR ni lithiamu ya kutupa ya volti 1.5, kama FR6 ambayo ndiyo ile L91. ICR, IMR na INR ni za kuchaji, 4.2 zikijaa. Mwenye duka aliyekuuzia alitazama umbo, herufi zingemwambia.

Mzamiaji_Nungwi

Assalaam aleikum. Nimesoma yote, fundi kasema kweli. Mimi nafundisha kuzamia huku kaskazini ya Unguja, na nataka kuongeza juu ya huo mfuko wa betri zilizochanganyika, kwa sababu hilo jambo nimeliona kwa macho.

Tochi ya kuzamia inafungwa kwa mipira isiingize maji, na kwa hiyo haitoi hewa pia. Mgeni mmoja alikuwa na tochi ya CR123A mbili, iliyotengenezwa kwa mbili hasa, bodi yake sawa. Akatia moja mpya na moja aliyoitoa kwenye kamera. Tulikuwa bado kwenye mashua, tochi inawaka, mara ikafifia na bomba likawa moto. Akaiweka chini. Kifuniko cha nyuma kikafyatuka kikapiga ubavu wa mashua, na moshi mweupe ukatoka unaokata pumzi. Hakuna aliyeumia kwa sababu kila mtu alisogea upande wa upepo. Ingekuwa mkononi mwake chini ya maji, sijui.

Betri zikifuatana, mkondo mmoja unazipitia zote. Iliyochoka ikimaliza chake, nzima inaendelea kusukuma mkondo ndani yake, na ile iliyokwisha inageuka: chanya inakuwa hasi. Hapo lithiamu iliyobaki ndani inapata moto na betri inapasuka. Ule moshi una sumu. Mimi sasa tochi ya betri mbili haiingii chomboni kwangu mpaka nimeona betri zake zimetoka pakiti moja siku moja.

Nahodha_Tanga

Niongeze dogo. Kwenye boti naweka tochi ya CR123A ndani ya sanduku la dharura, kwa sababu betri hizo zinakaa miaka 10 zikiwa zimehifadhiwa na bado zinafaa. Lakini kumbe swichi inaweza kuharibu yote. Tochi yenye kitufe laini cha umeme ubavuni inakula kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa, kwa sababu bodi inabaki macho ikisubiri kidole. Nilinunua moja, kila nikifungua sanduku nakuta imekufa. Fundi, hiyo ni kawaida?

Fundi_Koili

Nahodha, inategemea bodi. Nzuri inakula kama maikroampea 50 ikiwa imelala. Miliampea-saa 1,500 kwa kiasi hicho ni zaidi ya miaka mitatu. Mbovu inakula miliampea 1, na hapo betri ile ile imekwisha kwa miezi miwili. Pima kwa mita upande wa miliampea tochi ikiwa imezimwa. Dawa ya haraka ni kulegeza kifuniko cha nyuma robo ya mzunguko hadi ikatike, kama nyuzi za bomba zimepakwa ile rangi ngumu isiyopitisha umeme. Kwa sanduku la dharura mimi nachagua swichi ya kubonyeza ya mkiani inayokata waya kabisa.

Mzamiaji, ahsante sana kwa kulisema hilo. Ningelisema mimi, lingekuwa nadharia tu.

Mgumu, mfuko wako uchambue hivi. Volti za CR123A bila mzigo hazisemi ukweli, iliyobakiza nusu inaweza kusoma 3 na kuonekana nzima. Tafuta rezista ya omu 4.7 ya wati 5, ya seramiki, ile nyeupe ya mraba, wauza spea za redio wanazo. Iunge kwenye betri, itavuta karibu ampea 0.6. Hesabu sekunde kumi, soma volti zikiwa bado zinavuta. Nzima husimama karibu 2.7 au 2.8. Iliyochoka utaiona inaendelea kuteremka mbele ya macho yako. Andika namba kwenye kila moja kwa kalamu. Hata zikifanana, kwa tochi ya betri mbili mimi nisingetumia zilizowahi kufanya kazi. Zilizotumika ziende moja moja, kwenye tochi fupi. Betri ikiwa peke yake haina wa kuisukuma iende kinyume.

Mgumu_wa_Marangu

Nimeelewa. Mzamiaji, shukrani kaka, hiyo habari nimewasomea wenzangu kwa sauti.

Sasa kwa usiku wa kileleni: nibebe tochi ya AA ya lithiamu au ile fupi ya CR123A? Ipi itafika asubuhi?

Fundi_Koili

Zote mbili zina akiba inayokaribiana kuliko watu wanavyodhani. CR123A: 1.5 mara 2.8, kama wati-saa 4.2. L91: ina zaidi ya miliampea-saa 3,000 lakini kwa volti 1.5 tu, inatoka karibu 4.5. Gawanya kwa saa saba za safari yako, unapata kama wati 0.6 kwa kila moja. Ondoa hasara ya bodi, LED inabaki na nusu wati, na LED ya siku hizi inaipa nusu wati hiyo kama lumeni 50. Hiyo ndiyo ngazi ya kati kwenye tochi nyingi, na kwa kokoto za kule inatosha kabisa ukiwa umeshazoea giza.

Tofauti inakuja ukitaka mwanga mkubwa. AA moja inalazimika kutoa mkondo mkubwa kwa sababu volti zake ni chache: LED ikitaka wati 3, betri inaombwa karibu ampea 2.9 baada ya hasara, na kikomo cha L91 ni 2.5. Ndani yake kuna kizuizi cha joto kitakachobana mkondo wenyewe. CR123A kwa wati hizo hizo inaombwa kama 1.3, iko ndani ya mpaka. Kwa hiyo AA ifanye kazi ya kutembea, ngazi ya kati, usiku kucha. Ile fupi ikae mfuko wa ndani pamoja na CR123A mpya moja, uitoe pale mgeni akianguka au ukitaka kuona njia mbali. Usiivalishe baridi kabla ya wakati. Betri iliyopoa inaanza chini, na bodi ya kupandisha itaivuta kwa nguvu zaidi kuliko ingetaka.

Na ile ndefu itafutie 18650 halisi, basi. Bodi yake haina tatizo.

Dogo_Ilala

Fundi nimekuelewa, na Mgumu nakuomba radhi kwa ushauri wa mwanzo. Ila nauliza: hizi za kutupa haziwezi kuchajiwa hata kidogo? Naona kuna watu wanazitia kwenye chaja ya 16340.

Fundi_Koili

Zisichajiwe, Dogo, hata dakika moja. Ndani ya CR123A lithiamu ni metali tupu. Ukiilazimisha irudi inajikusanya vibaya, inaota ncha zinazotoboa utando uliotenganisha chanya na hasi, na chaja ya 16340 itaendelea kusukuma hadi 4.2 wakati betri imejengewa 3. Utaupata moshi ule ule wa Nungwi chumbani kwako. Ukitaka ya kuchaji kwa tochi ya CR123A, zipo za lithiamu na fosfati ya chuma, volti 3.2. Zikitoka kwenye chaja ni 3.6, kwa hiyo mwanzoni mwanga mdogo unaweza usiwe mdogo sana, na akiba yake ni kama theluthi ya ile ya kutupa. Kwa mjini zinafaa, kwa Kibo nisingempa mtu.

Mgumu_wa_Marangu

Nimepata rezista, nimezipima zote. Tano zimesimama juu ya 2.7, hizo nimeziandika na kuzifunga peke yake. Saba ziko kati ya 2.4 na 2.6, za tochi fupi nyumbani. Zilizobaki zinateremka bila kusimama. Hizi nizipeleke wapi? Huku kila takataka inashushwa na kupimwa getini, lakini baada ya hapo sijui.

Fundi_Koili

Zibandike tepu kwenye ncha zote mbili kila moja, zisigusane wala zisiguse funguo au sarafu, uziweke kwenye kopo la plastiki mahali pakavu, mbali na jiko. Ukipata gari linalokuja Arusha niletee, nakusanya na za wateja wengine, kisha tunapeleka pamoja kwa wanaopokea taka za umeme. Usizichome na takataka nyingine, na waambie na wenzako.